Wajina Wawili na Shuka Moja

Jumatatu baba mkwe wa Anjela alikojoa kitandani. Jumanne akakojoa. Jumatano akapumzika, na Alhamisi akafidia ile ya Jumatano, akalowanisha mpaka mto.

Msinitazame hivyo. Baba mkwe mwenyewe, yule mwenye mvi na ng'ombe, alikuwa kwake Tukuyu amelala zake. Anayesemwa hapa ni mtoto wa Anjela, wa miaka sita, mwenye mapengo mawili mbele, ambaye siku ya kuzaliwa alipewa jina la babu yake mzaa baba: Lusekelo. Na ukoo ule wa Kinyakyusa hauna mchezo na mambo ya wakwe. Mwanamke aliyeolewa hamtaji baba mkwe jina, hamtazami usoni, hapishani naye kwenye njia nyembamba, na akiwa na neno lake anatuma mtu. Sasa jina lilelile amepewa mtoto aliyetoka tumboni mwake mwenyewe. Angemwitaje? Akamwita Mzee. "Mzee, njoo unywe uji." "Mzee, acha kumvuta paka mkia." Siku ya kumwandikisha chekechea mwalimu aliuliza jina la mtoto, Anjela akaomba kalamu, akaliandika kwenye kikaratasi, akamsogezea huku anaangalia dirishani. Mwalimu alidhani ana ugonjwa wa koo.

Anjela mwenyewe ni Mhehe wa upande wa Iringa. Siku anaolewa, mama yake, Severina, alimwambia neno moja tu: "Ukifika kwa watu, ishi kama watu wa huko." Akaishi. Miaka saba nyumba yake iko Iyunga, pale Mbeya, na katika miaka hiyo saba hajawahi kumsemesha baba mkwe wake hata chafya.

Basi kwa ajili ya hilo jina, mtoto yule alikuwa hajawahi kuchapwa. Nani amchape kofi baba mkwe wake? Watoto wa mtaani walikuja asubuhi moja na sufuria zao wakitaka kumtembeza na godoro kichwani, wamwimbie, kama wanavyofanyiwa vikojozi wengine wote duniani. Anjela aliwatoa mbio na mwiko wa ugali mpaka kwenye lami. "Mnamtembeza nani? Mnamtembeza nani, nyie mbwa nyie!" Watu waliokuwa wanasubiri bajaji walishangilia.

Lakini heshima haikaushi godoro. Juni ya Mbeya mnaijua wenyewe: jua linachomoza saa nne, linachungulia, linaona baridi, linarudi ndani. Godoro lilikaa juu ya michongoma kutwa nzima likitazama barabara, na kila aliyepita alijua Mzee ameamkaje.

Ushauri haukukosekana, maana ushauri ni kitu cha bure. Tekla, jirani wa ukuta kwa ukuta, alisema mtoto achomewe panzi saba ale bila maji. Akala, akaomba wengine. Mwingine akasema akalishwe juu ya tofali la moto. Anjela akampeleka zahanati, mkojo ukapimwa, nesi akarudi na karatasi anatabasamu.

"Mkojo wake mzuri kabisa, mama."

"Najua ni mzuri," Anjela akamjibu. "Nyumbani ninao mwingi."

Aliyeliona jambo lenyewe ni Usha, mwenye duka la vyombo na magodoro karibu na barabara kuu. Anjela alikwenda kununua nailoni nene, ile ya buluu inayouzwa kwa mita, akasema ni ya kufunika meza.

"Meza ya ukubwa gani?" Usha akauliza, mkasi mkononi.

"Futi tatu na nusu kwa sita."

Usha akauweka mkasi chini. "Dada, hiyo meza inakojoa?"

Anjela akataka ardhi ipasuke. Usha wala hakucheka. Akamvutia kigoda akasema, "Kaa. Sahil wangu alilowanisha mpaka ana miaka minane. Leo yuko chuo, ndevu hizi hapa, anajifanya hajui nailoni ni nini. Sikiliza. Mtoto hafanyi makusudi, amelala. Wewe ukikoroma unafanya makusudi? Mchana mpe maji anywe ashibe, jioni mpunguzie. Kabla ya kulala aende chooni. Kama choo kiko nje, weka chombo chumbani, nani atoke na baridi hii? Akilowanisha, badilisheni shuka, mnyamaze. Halafu subiri. Jioni anakunywa nini?"

Anjela akainamia pindo la kanga yake.

Kilikuwapo kikombe. Kikombe cha bati jeupe, ukingo wa buluu, maua ubavuni, kinameza lita nzima na bado kinadai. Mzee wa Tukuyu alikileta siku mtoto anaachishwa ziwa, na ujumbe juu yake: mtu wa jina langu halali na kiu. Tangu hapo kila siku saa mbili usiku simu ilikuwa inaita. Anjela anaiweka mezani, anawasha spika, anatoka nje, maana hata sauti ya mkwe ina heshima yake. Huku nyuma anasikia:

"Wajina, umekunywa?"

"Nimekunywa, Mzee."

"Chote?"

"Chote, Mzee."

Chai ya maziwa, lita moja, halafu kitandani. Alipomweleza Usha, Usha alishika kichwa. "Lita moja! Hata ng'ombe wa babu mwenyewe angelowanisha! Punguza."

"Siwezi."

"Basi mwambie babu."

"Hilo ndilo siwezi zaidi."

Alijaribu ujanja. Siku moja akajaza kikombe nusu tu. Lakini mtoto aliyelelewa kama mzee hana uongo, simu ilipoita akasema wazi, "Leo nusu, Mzee. Mama ndiye aliyemimina." Kesho yake basi la Tukuyu likashusha dumu la maziwa la lita tano, maana babu alidhani kwa mwanawe kumeingia njaa.

Akamgeukia mumewe. Amos ni dereva wa lori, anabeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, mtu wa miraba minne asiyeogopa mlima Kitonga wala trafiki. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, akaanza kuvaa viatu.

"Mimi? Mimi nimwambie baba yangu kwamba jina lake linakojoa?"

"Nani basi? Nimtume paka?"

"Vitunguu vitaoza," Amos akasema, akaondoka.

Yote hayo yangevumilika, isingekuwa ule ugeni. Ukoo ule una desturi yake: kabla mtoto hajaanza darasa la kwanza, mwenye jina anakuja kulala naye usiku mmoja, kitanda kimoja, shuka moja, ndipo jina linahesabika limekamilika. Mara tatu Mzee wa Tukuyu aliahidi kuja na mara tatu akaahirisha. Kwanza goti. Halafu msiba. Mara ya tatu mvua, na siku ile Tukuyu walikuwa wanaanika kahawa. Anjela kila mara alimshukuru Mungu kwa sauti. Sasa mtu akaletwa na habari: Jumamosi nakuja, Jumamosi haina mvua.

Tangu siku hiyo mtoto akaacha kunywa maji. Shuleni hanywi, nyumbani hanywi, midomo ikapasuka. Ijumaa jioni Anjela alimkuta nyuma ya nyumba amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amekodoa macho, anajipiga makofi mashavuni.

"Mzee, unafanya nini?"

"Najifunza kutolala."

Anjela akachuchumaa. Mtoto akatazama vidole vya miguu yake, halafu akauliza, "Mama, nikimkojolea, atalichukua jina lake?"

"Nani kakwambia hivyo?"

"Ni lake. Kitu cha mtu ukikichafua anakichukua." Akafikiri. "Halafu mimi nitaitwa nani?"

Anjela alimkumbatia akamwambia hakuna wa kumchukulia jina, lakini hakuwa na uhakika, na mtoto akausikia huo wasiwasi. Iliniuma hata mimi ninayesimulia. Mtoto wa miaka sita, amelazwa na lita moja ya chai, amepewa na aibu yake aibebe, na watu wazima watatu wenye akili timamu wanaogopana.

Jumamosi Mzee akafika, na mkungu wa ndizi, na jogoo, na mkoba mweusi ambao hakukubali mtu ampokee. Amos hayupo, lori limekufa Igawa, anasubiri kifaa. Labda kweli, labda siyo. Anjela akapiga magoti mbali, kanga imefunika mpaka pua, akamsalimu amempa mgongo. Esnath, binti wa Tekla, ndiye aliyekuwa akipeleka vyombo sebuleni na kurudisha.

Chai ikaenda, ikarudi imejaa. Ikaenda tena, ikarudi tena. "Anasema hana kiu," Esnath akasema. Anjela akasononeka. Mnyakyusa wa umri ule akikataa chai, ujue kuna jambo. Akaona ni yeye amekosea, chai ya Kihehe haipandi.

Wakala wali na jogoo wa humo humo ndani, yule jogoo mgeni akiwa bado amefungwa kamba uani. Esnath akaaga akaenda kwao. Giza lilikuwa ndiyo linaingia. Anjela akabaki jikoni, nyuma ya pazia, na kwenye upenyo wa pazia akaona mkono wa mkwe wake ukifungua chupa ya maziwa aliyokuja nayo. Akayamimina kwenye kile kikombe. Yakapanda, yakapanda, yakafika kwenye ua la juu, yakafika ukingoni.

"Haya, wajina. Mtu wa jina langu halali na kiu."

Mtoto akakipokea kwa mikono miwili. Siku mbili hajanywa maji, na sasa amepewa lita nzima ya maziwa, na kitanda kimoja na mwenye jina. Hakulia. Aligeuka tu akatazama pazia, akakinyanyua kikombe mpaka kwenye midomo ile iliyopasuka.

"Baba, usimpe!"

Sauti ilimtoka Anjela ikiwa kubwa kuliko alivyokusudia. Ilikuwa imekaa miaka saba, ilitoka na vumbi lake. Aliugeukia ukuta wa jiko, akaufunika uso kwa mikono, na kwa kuwa mwiko umeshavunjika akaona bora uvunjike wote.

"Anakojoa kitandani. Karibu kila siku. Siyo makusudi, analala usingizi. Ni hicho kikombe, baba, kinamtesa. Ameacha hata maji ya mchana kwa sababu yako. Anaogopa utamnyang'anya jina."

Kwa Tekla redio ilikuwa inatangaza bei ya mahindi. Anjela akaanza kuona safari: yeye, mabegi yake, na basi la Iringa, kurudi kwa Severina na kesi ya kumtukana mkwe.

Mzee hakumjibu. Angemjibuje? Hawasemezani. Akamgeukia mtoto.

"Wajina. Kuna mtu amesema?"

"Mama," mtoto akasema.

"Amesema nini?"

Anjela akauma kanga. Kumbe mtu huyu ana ukatili! Lakini mtoto, niliwaambia, hana uongo.

"Amesema nakojoa."

"Kweli?"

"Kweli, Mzee."

Mzee akakitoa kikombe mikononi mwake. Akayarudisha maziwa kwenye chupa taratibu, tone lisimwagike, akafunga kifuniko. Akashika mkoba wake mweusi na tochi.

"Basi twende tukakojoe kwanza," akasema, "ndipo tulale."

Anjela hakupata usingizi. Alfajiri alipotoka kuwasha jiko la mkaa, alikuta uani kuna kelele za beseni. Mzee amekunja suruali mpaka magotini, anakamua shuka. Upande wa pili wa shuka ameshika mtoto, meno yanagongana kwa baridi, anacheka. Anjela akarudi nyuma ya mlango upesi, akabaki anachungulia. Wakalibeba shuka wawili mpaka kwenye michongoma, wakalitandaza lote upande wa barabarani.

Na nani apite wakati huo kama siyo Tekla, na ndoo yake ya maji?

"Ugonile, Mzee," Tekla akamwamkia kwa Kinyakyusa, kumwuliza amelalaje, huku macho yako kwenye shuka.

"Nimelala vizuri sana," Mzee akasema.

"Shuka la mtoto hilo?"

"La Lusekelo."

"Lusekelo yupi?"

Mzee akamwangalia toka unyayo hadi kilemba. "Kwani unataka kumfulia?"

Tekla akaondoka kasi, maji yakimwagika.

Anjela akaingia chumba walicholala kutazama hali. Godoro lilikuwa kavu. Juu yake nailoni yake ya buluu kutoka kwa Usha, imepanguswa. Lakini juu ya ile ya buluu kulikuwa na nyingine ambayo hakuijua: nyeupe, nzito, ya ndani ya gunia la mbolea, imepasuliwa ikashonwa pembeni kwa mkono, mikunjo yake imechakaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa miaka. Haikuwa ya nyumba ile. Pembeni ya kitanda mkoba mweusi ulikuwa wazi, mtupu.

Anjela akakaa kitandani. Akalikumbuka goti. Akaukumbuka msiba, na mvua ya siku ya kuanika kahawa, na chai iliyorudi mara mbili imejaa. Yule mzee alikuwa ameogopa safari hii mwaka mzima, kwa sababu ileile iliyokuwa inampigisha mjukuu wake makofi mashavuni. Akajiziba mdomo kwa kanga akacheka mpaka machozi, halafu machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha. Baadaye Amos alipopiga simu kutoka Igawa akakiri: baba yake ana tezi dume, hospitali anakwenda, dawa anazo, ila alisema atakayetaja atamlaani. Ndiyo maana siku ile Amos alikimbilia viatu.

Mtoto akaingia mbio, amejifunga taulo.

"Mama, Mzee amenituma."

"Sema."

"Anasema jana kuna mtu alivunja mwiko. Faini ni jogoo mmoja. Jogoo anayetakiwa ni yule aliyekuja naye Mzee."

"Nimlipe yeye jogoo wake?"

"Hapana. Anasema atakulipia yeye, umchinje leo, ule wewe, paja usimpe mtu." Akavuta pumzi. "Anasema pia kile kikombe kisinywewe tena. Kiwekwe chini ya kitanda changu. Nikiamka usiku nikojolee humo, nisitoke kwenye baridi."

"Kikombe cha jina!"

"Nimemwambia. Anasema kikombe ni chake, jina ni lake, na mkojo ni wetu." Mtoto akachekea kwenye taulo. "Mama, sisi tumekojoa. Nimemuuliza ni mimi au ni wewe, akasema hajui, tulikuwa tumelala wote."

Anjela akamkazia fundo la taulo. "Na jina?"

"Limekamilika. Anasema limekamilika alfajiri, tulipolowana."

Mchana Mzee alirudi Tukuyu na nailoni yake mkobani. Anjela alimuaga kwa magoti, uso umefunikwa, kama kawaida, na hajamsemesha tena mpaka leo. Kikombe kikaenda chini ya kitanda. Maji ya mchana yakarudi, midomo ikapona, mwisho wa kunywa ukawa saa kumi na moja jioni. Asubuhi zenye shuka mbichi walibadilisha wawili, bila hotuba. Kwanza zilikuwa tano kwa wiki, halafu tatu, Septemba moja, Oktoba zikarudi mbili akipata homa, na hakuna aliyekufa. Godoro la pale Iyunga limesahau njia ya kwenda kwenye michongoma.

Simu bado inaita saa mbili kamili. Anjela anaiweka mezani, anawasha spika, anatoka. Siku hizi haendi mbali, anasimama hapo hapo mlangoni.

"Wajina, umekojoa?"

"Nimekojoa, Mzee. Na wewe?"

"Bado. Ngoja niende."

"Nenda," mtoto anamwambia. "Nakusubiri, sikati simu."